Ampu thelathini na mbili, chumba kimoja

Sheria ya nyumba yetu ni fupi: ikishapita saa tatu usiku hakuna redio, hakuna kutwanga, hakuna gita. Haijaandikwa popote. Mama mwenye nyumba aliitangaza siku aliponiona nashusha gita kwenye bodaboda: "Karibu sana mwalimu, lakini huyo rafiki yako awe analala mapema."

Ukuta unaonitenganisha na dada wa chumba cha pili ni wa tofali za kusimamisha, na dada ana mtoto wa miezi minane. Mimi nikirudi kutoka shule nasahihisha madaftari, napika, nakula. Nikija kushika gita ni saa tatu na robo. Kwa hiyo miaka miwili nimelipiga gita la umeme likiwa kavu, halijachomekwa popote, sikio nimelilaza kwenye pembe yake ya juu kama mkunga anayesikiliza tumbo.

Ndiyo maana Jumamosi moja nilipanda treni ya SGR kutoka hapa Morogoro kwenda Dar, nikaingia Kariakoo na shilingi laki moja na nusu mfukoni. Nilikuwa natafuta kitu chochote chenye tundu la gita upande mmoja na tundu la hedifoni upande wa pili.

Duka lenyewe ni la vifaa vya mtumba: spika za gari, kinanda kilichong'oka meno, remoti za televisheni zimefungwa kwa mpira kama mchicha. Chini kabisa, chini ya kicheza DVD, kulikuwa na kidude chekundu chenye umbo la punje kubwa ya haragwe. Nilikijua kabla sijakivuta. Line 6 POD 2.0. Nimekiangalia kwenye video mara ngapi sijui.

"Hiyo ni ya gita, braza," kijana akaniambia. "Ya Ulaya hiyo."

"Inawaka?"

"Inawaka. Adapta tu ndiyo haipo, lakini yoyote ya volti tisa inaingia."

Alianza na laki mbili. Nikamwonyesha kwamba kitufe cha Treble, kile cha sauti za juu, hakina kofia, kimebaki kijiti kitupu. Akashuka. Nikamwonyesha mkwaruzo wa mgongoni, akaniambia mkwaruzo haupigi muziki, na hapo alikuwa sahihi. Tukamalizana kwa laki moja na thelathini, nikarudi stesheni nimekipakata kama keki.

Kwa asiyejua: kifaa hiki kinaiga ampu za gita, yaani mashine za kukuza sauti ya gita. Sauti ya nyuzi ikiingia inageuzwa kuwa namba, namba zinapigwa mahesabu yanayofuata tabia za ampu fulani, kisha zinarudishwa kuwa sauti. Kinaiga pia kasha la spika, na hilo ndilo watu wengi hulisahau. Gita lenye mngurumo, likisikika bila spika yake, linalia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo la maziwa. Spika ya gita hukata ile mikwaruzo ya juu, kwa hiyo kifaa kisipoikata chenyewe utakivua kichwani ndani ya dakika moja.

POD ya kwanza ilitoka mwaka 1998, na hii ya pili ikafuata 2001. Line 6 ni kampuni ya California, na jina lake lina kisa ninachokipenda. Waanzilishi wake, Marcus Ryle na Michel Doidic, walikuwa wakibuni vifaa vya kampuni nyingine huku wakitengeneza ampu yao kwa siri. Inasimuliwa kwamba ofisi yao ilikuwa na laini tano za simu. Mgeni akifika mapokezi, mhudumu alikuwa akitangaza kwamba kuna simu kwenye laini ya sita, nao huko ndani wanajua: zima magita, ficha kila kitu.

Sasa niwaambie aibu yangu. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nafundisha kidato cha tatu na cha nne, na kila mwaka nachora ubaoni wimbi la AC, umeme unaogeuka-geuka mwelekeo, na mstari ulionyooka wa DC, umeme wa mwelekeo mmoja. Usiku ule nilichomoa adapta ya ruta ya mpangaji mwenzangu, volti tisa kamili, nikaipima mdomo kwenye tundu la POD, ikakaa vizuri. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuelekea soketi ya ukutani nilipoona maandishi madogo mgongoni mwa kifaa. 9V, halafu AC. Nikageuza adapta ya ruta nikaisoma nayo: DC. Mwalimu wa fizikia. Nikairudisha adapta mahali pake na sikumwambia mtu.

Adapta nyingi zinazouzwa mjini ni za DC, kwa sababu ruta, king'amuzi na taa za chaji vyote vinakula DC. Nilizunguka maduka manne. Duka la mwisho walinipa ya DC wakaniapia kuwa ni AC "kwa sababu inachomekwa ukutani". Nikaenda kwa fundi redio wa Mji Mpya, mzee ambaye meza yake ina redio nyingi kuliko nafasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Umeua nini leo?"

Nikamweleza. Hakucheka. Alikikagua kile kifaa kwa macho, akasoma mgongo wake akiwa amekisogeza mbali kama mtu anayesoma Biblia bila miwani, kisha akainama chini ya meza. Akatoka na transfoma iliyokuwa kwenye amplifaya ya mtu ambaye, alisema, alishahamia Tunduma na deni lake. Ilikuwa ya 9-0-9, ampea tatu. POD inataka ampea mbili, kwa hiyo ilikuwa inatosha na kubaki.

Hapa nilisogeza kigoda nikae karibu. Transfoma ya namna hiyo ina nyaya tatu upande wa kutokea. Ukichukua wa katikati na mmoja wa pembeni, unapata volti 9. Ukichukua wa pembeni wote wawili unapata 18, na kifaa chako unakizika. Fundi aliukata waya mmoja wa pembeni mfupi kabisa, akaufunika kwa mpira, akasema, "Huyu asije akashikwa na mtoto wako wa shule." Akaunga fyuzi upande wa umeme wa ukutani, akaiweka yote ndani ya boksi la plastiki la swichi, akatoboa matundu ya kupumulia kwa ncha ya solda. Harufu yake mnaijua. Tukapima: volti 10.3. Nikashtuka kidogo. Yeye akaniangalia tu, akasubiri mwalimu ajijibu mwenyewe. Transfoma isiyo na mzigo husoma juu kuliko namba iliyoandikwa. Ukiipa kazi inashuka. Nikajijibu. Akanitoza elfu kumi na tano.

Wiki iliyofuata lile boksi lilikwenda darasani kwanza. Kutoka volti 230 hadi 9, kila mzunguko mmoja upande wa kutokea unahitaji karibu mizunguko 26 upande wa kuingilia. Kidato cha tatu hawakuwahi kunisikiliza hivyo. Mmoja akauliza kama inaweza kuchaji simu. Hapana, na swali lako ndilo somo la wiki ijayo.

Nikarudi nyumbani, nikachomeka. Kioo kidogo kikawaka chekundu: 1A.

Kifaa hiki kina nafasi 36 za kuhifadhia sauti, kuanzia 1A hadi 9D, na kioo kinakuonyesha namba na herufi, basi. Hakuna jina. Nilidhani nitazikuta sauti za kiwandani, lakini aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa amehifadhi za kwake. Nilikaa kitandani, hedifoni kichwani, saa nne usiku, nikipita ndani ya nyumba ya mtu nisiyemjua. 1A hadi 3D zote mngurumo wa chuma, Drive, kitufe cha mngurumo, imejazwa hadi mwisho, na kile kizuia kelele kinakata mkia wa kila noti kama mlango unaofungwa ghafla. Nikamwona kijana wa nchi ya baridi, nywele ndefu, fulana nyeusi. Halafu nikafika 4C. Safi. Hakuna mngurumo hata kidogo, ni sauti nyeupe yenye makali, na nyuma yake eko fupi inayorudi mara mbili hivi na kufa. Katika nafasi 36, moja tu ndiyo ilikuwa hivyo. Labda aliihifadhia mtu mwingine.

Niliona inachoma masikio, nikataka kuishusha Treble. Nikakigusa kile kijiti kisicho na kofia, na sauti yote ikaruka, ikawa nyingine. Nikapata baridi. Nilidhani nimemfutia mtu kumbukumbu. Kumbe vitufe vya mashine hii havisogei vyenyewe: vinabaki pale mkono ulipoviacha mara ya mwisho, hata kama sauti iliyohifadhiwa iko kwingine. Ukigusa kimoja, thamani inarukia pale kilipo. Lakini usipobonyeza Save hakuna kilichopotea. Nenda 4D, rudi 4C, iko palepale. Nikaiacha kama nilivyoikuta, nikaamua za kwangu nitazijenga kuanzia 9A.

Na hapo ndipo kazi ilipoanza kunishinda.

Kile kitufe kikubwa cha ampu kina vituo 16, na ukishikilia Tap huku unazungusha unapata vingine 16. Kwa hiyo ampu 32, nyingi zikiiga ampu maarufu za kweli. Black Panel ni Fender Twin ya 1965. Brit Class A ni Vox AC30. Brit Hi Gain ni Marshall JCM800. Small Tweed ni Fender ndogo ya 1952. Kwenye video zote wazungu wanabishana jambo moja: je, inafanana na ya kweli? Wanaweka ampu ya kweli kushoto, kifaa kulia, wanafumba macho.

Mimi nafumba macho nikumbuke nini? Sijawahi kusimama mbele ya Vox AC30. Sijawahi kuigusa Fender Twin. Kanisani gita linachomekwa kwenye miksa moja kwa moja, na kijana wa mitambo ananiongezea besi kwa sababu ananipenda. Harusini ni hivyo hivyo. Kwa mwenzangu wa Ulaya, hii mashine ni mbadala wa ampu aliyoiacha gereji. Kwangu ndiyo ampu ya kwanza. Ni kama kupewa picha za watu thelathini na wawili na kuulizwa yupi amefanana na baba yake, na baba zao huwajui.

Sauti pekee niliyokuwa nayo kichwani ni ya kanda za baba. Baba alizaliwa 1955, amekulia hapahapa Morogoro, na alikuwa na miaka 23 mpiga gita Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari kule Kenya mwaka 1979. Super Volcano, bendi ya Mbaraka, amewaona kwa macho. Mimi nimewasikia kwenye redio ya mkulima yenye spika moja, kanda iliyorekodiwa kutoka kanda nyingine iliyorekodiwa kutoka redioni, nikiwa nimelala mkekani sebuleni. Gita la solo pale linatoka kwa mbali, laini, duara, kama linapigwa nyuma ya pazia. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta.

Nikaitafuta wiki tatu. Nilianza na Black Panel, Drive chini kabisa. Swichi ya gita (langu ni kopi ya Kichina ya Stratocaster, na sioni haya) nikaiweka katikati ya pikapu mbili, vile vinasa mlio wa nyuzi, pale linapolia kama lina mafua. Kompresa, ile ya kusawazisha noti za nguvu na za taratibu, kidogo. Eko nikaipigia mwendo kwa kugonga Tap, kwa sababu eko isiyoendana na ngoma ni fujo tu. Bado ilikuwa inang'aa mno. Nikashusha Treble kwa kucha, robo, nusu, karibu yote. Nikapunguza Bass. Nikaongeza Mid. Usiku wa Alhamisi, saa tano na kitu, ikaja. Pazia na mkeka na kila kitu. Nikaihifadhi 9A, nikalala na furaha ya kijinga.

Mambo mengine nayapitia haraka. Mvumo: nyumba hii haina waya wa ardhini unaoeleweka, kwa hiyo nikiachia nyuzi gita linavuma, nikizishika linanyamaza, nikikaa mbali na chaja ya kompyuta linapungua nusu. Kile kizuia kelele nilikizima kabisa, kwa sababu sebene linaishi kwenye mikia ya noti. Hedifoni zenye maiki ya simu zilinisumbua upande mmoja, nikanunua za kawaida na kijeki cha kugeuza kutoka pini ndogo kwenda kubwa. Sabufa nayo ilinitoa jasho: kwenye hedifoni sauti tamu, kwenye sabufa inakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Siku mbili nikiilaumu sabufa. Kumbe nyuma ya POD kuna swichi ndogo ya kuchagua kama unapeleka sauti kwenye ampu ya gita au kwenye miksa na spika za kawaida, na ilikuwa upande wa ampu. Yule mwenye nywele ndefu alikuwa na ampu yake, bila shaka.

Kanisani niliipeleka Jumapili moja, nikachomeka kwenye miksa, na kijana wa mitambo akatoa besi mwenyewe bila kuambiwa. Mwalimu wa kwaya akageuka mara moja kuniangalia, akaendelea kupunga mkono. Nilichukulia kama sifa.

Kisha baba akaja. Alikuwa na miadi ya macho, akalala kwangu siku mbili. Baada ya kula nikamvisha hedifoni. Zipo moja tu, kwa hiyo nilipiga nikisikia nyuzi kavu tu, ule mlio wa miaka yangu miwili, huku namwangalia yeye usoni. Nikaweka 9A. Nikampigia vile vipande vya solo alivyokuwa akivipiga kwa mdomo akiendesha lori.

Akasikiliza. Akakunja uso, akasogeza hedifoni.

"Mbona umelifunga mdomo?"

"Baba, si ndivyo lilivyokuwa?"

"Wapi? Gita lilikuwa linakata. Unakuwa nje ya ukumbi, hujalipa kiingilio, unalisikia linapita juu ya watu wote." Akakata hewa kwa kidole. "Hii ya kwako ni ya kwenye kanda."

Nikanyamaza. Wiki tatu nilikuwa naiga kanda iliyochakaa.

Akaomba aonyeshwe namna ya kubadilisha. Nikamwonyesha vitufe vya kupanda na kushuka, akaanza kupita chaneli moja moja na mimi napiga. Kwenye zile za mngurumo alitikisa kichwa kama amelamba ndimu. 3A, hapana. 3C, hapana. 4B, hapana. Kisha mkono wake ukasimama. Hakusema kitu. Akanionyesha kwa kidevu: endelea.

Nikainama kuangalia kioo. 4C.

Nikapiga polepole, kisha nikaingia sebene. Dole gumba langu lilikuwa linachelewa, alishaniambia hilo kabla ya chakula, lakini sasa hakujali. Alifumba macho. Mabega yakaanza. Halafu akaanza kuimba, na mtu aliyevaa hedifoni hajui anavyoimba kwa sauti, na baba yangu hata bila hedifoni husikika hadi barabarani. Nilijaribu kumpungia mkono. Macho yamefumbwa. Nikasimamisha gita, yeye akaendelea bila mimi, akipiga goti kwa kiganja.

Mtoto wa chumba cha pili akaanza kulia. Kisha mlango ukagongwa, mara tatu, taratibu, kwa heshima.

"Mwalimu," mama mwenye nyumba akasema kutoka nje, "huyo rafiki yako leo amekuja na mwenzake?"